Mabati Yenye Mstari Mwekundu

Sikumpenda, na ni afadhali niseme mapema. Asije mtu akadhani namwandika kwa sababu amekufa, na waliokufa husemwa vizuri. Kama amekufa, sijui. Namwandika kwa sababu nilianza kumtilia shaka nikiwa na miaka kumi na miwili, na sasa nina wajukuu, na shaka yenyewe bado haijaniacha.

Tulimwita Bwana Nyumba. Kijijini kwetu, upande wa Basotu, tulikuwa na Bwana Shamba, Bwana Mifugo na Bibi Maendeleo. Serikali ilipoleta kampeni ya nyumba bora, na fundi huyu akapewa kuisimamia, jina lilikuwa limeshajipika lenyewe. Alikuwa ametoka milimani, Mbulu, kama sisi. Mengine juu yake hatukuyajua, wala yeye hakuyasema, na baba alikuwa akisema mtu asiyesimulia kwao ana jambo analolikimbia.

Alikuwa mrefu na mkavu, na mabega yake yalikuwa yameinama kwa kuzoea milango mifupi. Penseli ilikaa nyuma ya sikio. Mfukoni alikuwa na futi ya mbao, ile ya kukunja. Akifika kwa mtu aligonga kwanza ukuta kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, ndipo akabisha hodi. Mama yangu alilichukia jambo hilo kuliko yote. "Anaujulia hali ukuta kabla ya kunijulia mimi," alisema. Na kweli, bado hujamwitikia marahaba alikuwa ameshakuambia kwamba kona yako ya kushoto inakunywa maji.

Alipima kila kitu. Harusi ya binamu yangu, akina mama wamejipanga mlangoni wanaimba, wanamngoja bibi harusi atoke, yeye akajipenyeza katikati yao, akakunjua futi, akapima fremu. Kisha akamgeukia baba wa binti: "Ndugu, huu mlango umepungua inchi mbili." Wale mama walimtungia wimbo papo hapo wakamfukuza nao hadi zizini. Alikwenda anacheka. Hiyo ni mara moja kati ya chache nilizomwona akicheka, na hata siku hiyo nilijiuliza anacheka nini.

Tena hakula katika nyumba aliyokuwa akiijenga. Ukimletea uji aliupokea kwa mikono miwili, akashukuru, akatoka nje akaunywa amesimama. "Nikila ndani kwako," alisema, "nitashindwa kukwambia ukuta wako umepinda." Wapo waliomsifu kwa neno hilo. Baba hakuwa miongoni mwao. Yeye alisema mtu asiyekula kwa watu lazima ana mahali anapokula.

Lililotushangaza zaidi lilikuwa nyumba yake mwenyewe. Huyu aliyezunguka kijiji kizima akituhubiria madirisha, tofali na bati alilala kwenye tembe, paa la udongo, bapa, majani yameota juu hadi mbuzi wa jirani wakawa wanapanda kula. Ukimuuliza alijibu, "Fundi ni wa mwisho," akaendelea na kazi. Watu hawakuridhika. Walisema mwizi mwenye akili haezeki pale anapoonekana, na kwamba ana nyumba Haydom, ya vyumba vinne, yenye baraza. Aliyeiona hakuwepo. Lakini lisemwalo lipo, na kama halipo laja, nasi tuliingoja ile nyumba ya Haydom kama watu wanaongoja gari.

Sasa niseme kwa nini haya yalinihusu mimi, mtoto wa kike wa mkulima.

Shule yetu iliishia darasa la nne. Anayetaka la tano alikwenda shule ya ng'ambo, na katikati palikuwa na ngano. Ngano ya serikali ilianza kando ya barabara yetu, ikaenda hadi macho yachoke, na walinzi hawakutaka mtu akatishe ndani yake, hata mtoto mwenye daftari. Kuizunguka ilikuwa safari ya kutoka nyumbani kabla ya jogoo. Wavulana wachache walikwenda. Baba yangu alinikalisha akaniambia wazi, bila ukali: "Darasa la tano likijengwa hapa, utasoma. Lisipojengwa, utachunga. Mimi binti yangu hatembei ng'ambo ya ngano."

Basi kijiji kikatoka msaragambo, kazi ya wote bila malipo. Wanaume wakafyatua matofali, akina mama wakachota maji, sisi wanafunzi tukabeba udongo kwa masinia ya nyumbani. Kuta zilipanda kwa miezi miwili. Zilikuwa za matofali mabichi, na kila aliyezitazama alijua kwamba zisipopata paa kabla ya mvua zitarudi kuwa udongo. Nilizitazama kila siku. Nilishachagua hadi mahali nitakapokaa, karibu na dirisha la pili, nisikose mwanga.

Mabati yalikuja na trekta la shambani, kwenye tela, yamefungwa kwa waya. Tulilipokea kwa vigelegele. Kisha mwenyekiti wa kijiji akasoma karatasi: mabati ni ya nyumba za bei nafuu, kwa ajili ya familia zilizohamishwa ili kupisha ngano. Darasa halikutajwa. Bwana Nyumba alikuwa tayari amechuchumaa kando ya tela, ana kopo la rangi nyekundu na unyoya wa kuku, anachora mstari kwenye kila bati. Alisema ni kwa ajili ya wezi, kwamba bati lenye mstari haliuziki. Baba alininong'oneza kwamba anayechora alama ndiye pia anayejua kuifuta.

Nyumba za kwanza zikaezekwa. Zilikuwa nzuri, siwezi kusema uongo: vyumba viwili, dirisha la mbao, mlango wenye komeo na kufuli. Na hapo watu wetu wakafanya jambo ambalo sidhani kama kampeni ililifikiria. Walilala humo wiki moja, mbili. Upepo wa Mlima Hanang ulilipiga bati usiku kucha, baridi ikaingia kote, na ng'ombe hawakuwamo ndani wa kupasha joto kama kwenye tembe. Watu wakarudi kwenye tembe. Lakini kufuli lilikuwa kitu kizuri sana mahali penye wezi wa mifugo, kwa hiyo ndani ya nyumba bora wakaingiza ndama. Mzee mmoja Mbarbaig, jirani yetu, alikuwa akijisifu kwa kila apitaye: "Ndama wangu ana dirisha. Wewe unalo?"

Mwalimu Mkuu alilileta hilo mkutanoni. Alikuwa mtu mpole, lakini siku hiyo alisimama kabla hajaitwa.

"Ndugu zangu, ndama wanalala chini ya bati, watoto wa darasa la tano hawana hata kivuli. Tunaomba nusu ya yale yaliyobaki. Nusu tu."

Watu wakapiga makofi. Mkubwa mmoja wa shamba la ngano alikuwa amekaa kwenye kiti cha mbele, kofia kwenye goti. Bwana Nyumba akasimama.

"Karatasi imesema nyumba," alisema. "Na mtoto anayelala na ndama, mwalimu, huyo unamfundisha nini? Anakuja ana moshi machoni, ana usingizi, anakohoa. Nyumba kwanza."

"Sasa hao watoto si ndio wako kwenye moshi, na ndama wako kwenye bati!" akapaza sauti mama mmoja.

"Basi watoeni ndama," alijibu, akaketi.

Leo, nikiwa mtu mzima, naona kwamba hakukosea kabisa. Nililala karibu na ndama utoto wangu wote na kikohozi changu nakikumbuka. Siku ile sikuona hivyo. Niliona mtu mrefu mwenye penseli aliyekaa juu ya paa la darasa langu na kukataa kushuka. Nilimchukia kwa moyo wote, kama mtoto anavyoweza.

Ndipo nikaanza kumchunguza. Mchungaji wa mbuzi ana muda mwingi wa kuchunguza. Alasiri moja nilimkuta ndani ya zile kuta zetu, peke yake. Alikuwa anapima kutoka ukuta hadi ukuta, anarudia, anaandika kwenye kipande cha ubao kwa penseli. Nilikimbia kuwaambia wenzangu, na kabla jua halijatua tulikuwa tumeshakubaliana maana yake: anataka kuzibomoa, matofali yakajengee nyumba zake.

Siku chache baadaye, mchana, nikamwona tena. Alikuwa kwenye kijia kinachoelekea Masieda, na punda wawili. Mizigo yao ilikuwa imefunikwa kwa mabua ya ngano, mengi mno, yamefungwa vizuri mno. Nani anapeleka mabua Masieda? Punda mmoja akajikwaa, mabua yakateleza, na nikaona kona ya bati inang'aa, na mstari mwekundu juu yake. Aliyarudisha mabua haraka akatazama huku na huku. Mimi nilikuwa nimelala kifudifudi nyuma ya kichaka na mbuzi zangu. Hakuniona.

Nilimwambia baba. Sikungoja hata kumaliza kufunga mbuzi. Namkumbuka baba alivyosimama taratibu, kama mtu aliyeletewa habari aliyoijua tayari. "Za mwizi arobaini," alisema.

Mkutano uliitwa. Baba alisema ameambiwa na mtu aliyeona. Hakunitaja, kwa kunilinda. Mabati yaliyobaki yakaangaliwa na ikaonekana wazi kwamba yamepungua. Bwana Nyumba akaulizwa yamekwenda wapi. Alisimama, akaitoa ile futi mfukoni, akaikunjua, akaikunja. Akasema, "Sina la kusema." Mwenyekiti akataka kumpeleka polisi, wazee wakasema hapana, wamalize wao. Wakamtenga.

Asiyejua kutengwa kwetu atadhani ni kununiwa tu. Mtu aliyetengwa hapewi moto, hapewi maji, ng'ombe wake hawanywi na wengine, hasalimiwi, hasaidiwi kazi, wala haazimwi hata jembe. Anayemsaidia anatengwa naye. Anayetaka kurudi anakiri mbele ya wazee, analeta kondoo na pombe ya asali, anatakaswa. Yeye hakukiri wala hakukana, na wazee hawawezi kumtakasa mtu kwa kosa ambalo hajalisema.

Asubuhi moja alikuja kwetu kuomba kaa la moto. Aligonga ukuta kwanza, kama kawaida yake. Nyumbani kwetu tumelelewa kwamba huwezi kumwambia mtu uso kwa uso kuwa huna moto na wakati moto unawaka. Uongo wa namna hiyo unarudi kwa watoto wako. Mama hakujibu hodi. Alichukua kibuyu cha maji akayamwaga yote jikoni. Moshi ulipopungua akamwambia kwa sauti ya kawaida, "Moto umezimika." Ikawa kweli. Yeye alitazama majivu yaliyolowa, akaitikia kwa kichwa, akaondoka. Siku hiyo tulikula viazi vya jana, baridi, na hakuna aliyelalamika.

Mvua ikaja. Fundi mwingine aliletwa kumalizia nyumba, akaezeka kwa mabati yote yaliyokuwepo, halikubaki hata moja. Zile kuta zetu zilivimba kwanza. Halafu ule wa upande wa dirisha la pili ukalala chini, taratibu, mchana, tukiutazama. Nyingine zikafuata. Mwalimu Mkuu alisimama mvuani bila koti mpaka mtoto wake akaja kumshika mkono. Bwana Nyumba aliondoka kijijini siku zile zile, futi mfukoni, nyuma ya punda wake wawili. Hakuna aliyemuaga, maana ilikuwa hairuhusiwi.

Nami nikachunga. Baba alikuwa mtu wa neno lake. Kusoma vizuri nilijifunza ukubwani, kwenye madarasa ya elimu ya watu wazima, mtoto mgongoni, nikiwa mwanafunzi aliyekuwa na hasira kuliko wote darasani. Kila herufi niliyoipata kwa shida nilimhesabia yeye.

Miaka mingi baadaye nilihamia Haydom. Nina banda la chakula karibu na pale mabasi yanaposhusha wagonjwa: chai, wali, maharage, chapati za asubuhi. Na mara ya kwanza kabisa nilipofika nilifanya jambo la kijinga. Nilizunguka mitaa nikitafuta nyumba ya vyumba vinne yenye baraza. Nilizipata nyingi. Kila niliyouliza alinitajia mwenye nyumba mwingine.

Siku moja, baada ya basi la asubuhi, nikasikia mtu anagonga nguzo ya banda langu. Kifundo cha kidole, mara mbili, kimya kidogo. Kisha: "Hodi."

Alikuwa amezeeka mno, jicho moja limefunikwa bandeji, amekuja kutibiwa macho. Penseli haikuwepo sikioni, ila alama yake kama ilikuwepo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hii nguzo yako imelala kidogo. Upande wa magharibi."

Aliagiza wali na maharage. Akaketi, akala ndani, akamaliza. Nilimtazama wakati wote. Nilipomletea maji nikamwambia, "Wewe ni Bwana Nyumba."

Alitabasamu. "Hilo jina nimelisahau hata mimi." Nikamtajia baba yangu. Akafikiri kidogo, jicho zima limefumba. "Mlango wa jikoni kwenu ulikuwa futi tano na inchi mbili. Mama yako alikuwa akiinama."

Nilikuwa nimeandaa maneno kwa miaka yote ile. Yaliyotoka yalikuwa machache. "Mzee, zile bati ulizipeleka wapi?"

Hakushtuka. Alisogeza sahani pembeni.

"Darasa lenu lilikuwa na upana wa futi kumi na nane na nusu," alisema. "Mbao zilizokuja na tela zilikuwa za nyumba, fupi, zimekatwa tayari. Bati za darasa nilishazitenga pembeni. Lakini bati bila kenchi za mbao ndefu utaliweka juu ya nini? Masieda kulikuwa na mtu ana mbao ndefu. Hakutaka kitu kingine, alitaka bati."

"Mkutanoni ulikataa."

"Mkutanoni alikaa yule bwana wa shamba, kofia gotini. Ulitaka nikubali mbele yake? Ile ni mali ya umma, mwanangu. Na siku ile mliyoniuliza, ningesema, ningefungwa, na Mwalimu Mkuu pamoja nami, maana nilikwisha kumnong'oneza. Nisingesema, ningetengwa. Nikaona kutengwa ni nafuu." Akagonga meza kwa kifundo cha kidole. "Nilikosea hapo. Sikufikiria kwamba mtu aliyetengwa haazimwi ng'ombe wa kuvuta. Mbao za futi ishirini punda hawezi. Zilibaki kule, tayari, zimepangwa. Nilikwenda nyumba kwa nyumba. Hata moto sikupewa."

Nikakumbuka majivu yaliyolowa. Nikachukua kitambaa nikaanza kufuta meza ambayo ilikuwa safi.

"Kuna mtu aliniona njiani," alisema. "Sikuwahi kumjua. Nadhani ni wale walinzi wa ngano."

Hapo ndipo palikuwa mahali pangu pa kusema. Niliendelea kufuta.

"Mzee," nikasema mwishowe, "hayo ni rahisi kuyasema leo. Mwalimu Mkuu ameshafariki."

"Najua." Alisimama, akatafuta fimbo yake. Hakukasirika, na hilo nalo lilinitia shaka. "Nenda Masieda. Uliza nyumba yenye bati za mstari mwekundu, juu kidogo ya kanisa. Ipo mpaka leo. Mwenyewe, yule wa mbao, yu hai, atakwambia alitakiwa kutoa nini. Usinisikilize mimi."

Nilikataa malipo ya chakula. Alipotoka aliigusa tena ile nguzo.

Nimeyafikiria maneno yake kwa kila upande. Kwamba aliukumbuka upana wa darasa si ushahidi, maana aliukumbuka hata mlango wetu wa jikoni. Kwamba aliwahesabu punda wake na asiwahesabu ng'ombe wa kuvuta mbao ni kosa ambalo fundi hodari asingelifanya, ingawa fundi aliyezoea kufanya peke yake angelifanya. Na nyumba yenye mstari mwekundu ingekuwepo Masieda vile vile kama aliyauza kwa faida yake. Ni yule mwenye mbao tu ndiye anayejua, na yeye naye ni mzee.

Masieda si mbali na hapa. Gari la huko hupita mbele ya banda langu, na kondakta ni kijana niliyemzoea, hunywa chai kwangu kila asubuhi. Nilimwambia zamani kwamba nina safari ya huko, naye hajasahau. Juzi alisimamisha gari kabisa, akachungulia.

"Mama, leo twende? Nafasi ipo, mbele, nimekuwekea."

Nilimwambia nina maharage motoni, siwezi kuyaacha. Akacheka, akapiga ubavu wa gari, wakaondoka. Nilirudi ndani nikafunua sufuria. Maharage yalikuwa yameiva tangu alfajiri.